Daftari la Sukari ya Baba Elisée

3 Novemba
Asubuhi: 231.

Daftari hili nimepewa na Mutale, muuguzi wa dispensaire yetu. Amesema: "Mama Laurentine, kila asubuhi uandike sukari ya ba papa. Namba tu, inatosha." Namba tu! Mimi niliyefundisha watoto kuandika miaka ishirini na tisa hapa commune Kenya, mtaa wetu wa mji, si ile nchi, nipewe kurasa mia mbili niandike namba tu. Namba nitaandika. Na yaliyobaki nitayaandika vilevile, tena kwa Kiswahili cha shule na cha misa, si kile tunachorushiana barabarani.

Basi. Mgonjwa ni mume wangu Adalbert, baba ya Elisée, mstaafu wa reli. Sukari ilimshika, huu sasa ni mwaka wa sita. Anameza vidonge vya aina mbili: kikubwa cheupe, metformine, asubuhi na jioni, na kidogo, glibenclamide, asubuhi kabla ya chakula. Mwana wetu Elisée, anayefanya kazi Kolwezi, ndiye aliyetuma mashini ya kupimia. Mimi ndiye ninayemtoboa kidole. Mimi ndiye ninayeweka vidonge kwenye kisahani, na glasi ya maji pembeni. Anameza, ananirudishia glasi, anatazama dirishani. Kimya.

Na huyu ni mtu wa shukrani! Miaka thelathini alipita ndani ya mabehewa akikagua tiketi, na kila abiria alimwambia aksanti. Anamshukuru mwenye moto, dereva wa pikipiki, kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Anamshukuru mwuza makala, yaani mkaa. Mimi na vidonge vyangu, miaka sita, hata neno moja.

4 Novemba
226. Mvua ya kwanza ya kweli. Matope mekundu mpaka chini ya kitanda.

9 Novemba, Siku ya Mungu
229.

Baada ya misa amekuja Mama Martine. Huyu ni mjane wa Léonard, rafiki ya Adalbert wa reli, aliyekufa kwa sukari hiyohiyo miaka mitatu iliyopita. Mwezi wa nane alihamia lupango, kiwanja cha pembeni yetu. Hivyo sasa tunatenganishwa na uzio wa miti tu, na uzio wenyewe umefunikwa na mmea wake mmoja unaotambaa, wenye vitunda vya rangi ya chungwa vyenye vipele. Upande wangu umeoza. Upande wake umechanua.

Courant ya umeme imekatika tangu Ijumaa, lakini kitenge chake kimepigwa pasi kama cha harusi. Ana pasi ya makala, anasema. Ana muda, nasema mimi. Mjane asiye na mtu wa kumtoboa kidole ana muda wa kupiga pasi.

Ameleta bowa, uyoga mpya wa mvua, kikapu kizima. "Mama Elisée, nimesema niwaletee. Shemeji anapendaka sana."

Shemeji anapendaka! Na wewe umejuaje?

Adalbert akasimama, kofia mkononi: "Aksanti, Mama Martine. Aksanti sana. Kweli, aksanti." Mara tatu, kwa uyoga. Aliyeusafisha mchanga ni mimi. Aliyeupika ni mimi. Alikula, akajifuta mdomo, akasema: "Ule mama iko na roho muzuri."

14 Novemba
224. Hakuna la kusema.

21 Novemba
219.

Leo nimeona kitu. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikianua nguo, mvua inanukia. Nikawaona kupitia uzio, mahali majani yalipoachana. Mama Martine alimpa Adalbert chupa, chupa ya plastiki iliyofungwa na gazeti. Alimpa bila kumtazama. Naye aliipokea akiangalia chini, akaiingiza ndani ya koti, akageuka, akaondoka.

Hakusema aksanti.

Nimekaa kitini nikilifikiria hilo tangu saa nne. Adalbert wangu, ambaye huwashukuru hata watu wanaomwomba njia! Kwa uyoga alishukuru mara tatu, mbele ya watu. Kwa chupa, wakiwa wawili, hakushukuru hata mara moja. Mtu anamshukuru mgeni. Mtu wa nyumbani hashukuriwi. Mimi kwa vidonge hanishukuru kwa sababu mimi ni mke wake. Basi huyu naye ni nani?

Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa mwaka wa pili angeifanya. Tuko wake wawili.

22 Novemba
210. Sikuongea naye. Hakugundua.

28 Novemba
187.

Mutale amefurahi, amempa Adalbert mkono na mimi amenisifu: "Mama, unamuchunga muzuri! Endelea vile vile." Nimeona raha moyoni, sitaficha. Nimeacha kutia mafuta mengi kwenye majani ya sombe, nimemkataza kinywaji cha munkoyo, ninampimia bukari, ugali wetu, kwa kikombe. Nilimtazama Adalbert nikitegemea angalau atikise kichwa. Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Aksanti, Mutale," akasema.

Mutale ameshukuriwa! Kwa kusoma namba niliyoiandika mimi!

5 Desemba
164. Chupa ya pili, kupitia uzio. Kimya vilevile.

8 Desemba
158.

Niandike na lile ambalo sijamwambia mtu, hata kwenye maungamo. Tangu mwaka jana Adalbert analala akiangalia ukuta. Zamani nilisema ni uzee, ana miaka sitini na minne. Nilisema ni sukari, ni uchovu. Nilijisemea mengi. Lakini uzee hauchagui tarehe, na mwezi wa nane ulipofika, na kile kitenge cha pasi kilipohamia pembeni, mume wangu alianza kunyoa ndevu kila asubuhi. Anamnyolea nani? Ukuta?

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mama Martine haongei kwa sauti, hagombani na mtu, anaimba kwenye kwaya akiwa amefumba macho. Mimi ninaongea. Mimi ninafokea hata padri akichelewa. Mwanaume akichoka na kelele huenda wapi? Huenda palipo kimya.

13 Desemba
149. Chupa ya tatu.

17 Desemba
131.

Mvua siku nzima, baridi, mimi nimevaa sweta. Karibu saa tano Mama Martine akapita barabarani, akasalimia kwa mbali. Nikamtazama Adalbert. Alikuwa anatoka jasho! Jasho la kweli, kwenye paji la uso, mkono unatetemeka mpaka kijiko kinagonga sahani. Mwanaume wa miaka sitini na minne, anatetemeka kama kijana aliyeonekana na baba mkwe.

"Unaumwa?" nikamwuliza.

"Apana. Njaa tu." Akala maembe mawili akiwa amesimama.

Njaa! Tunajua njaa hiyo.

25 Desemba, Noeli
118. Mama Martine ametuma keki ya mahindi. Aksanti mara nne. Keki niliitoa kwa watoto wa jirani wa upande wa pili, nikamwambia Adalbert ina sukari.

26 Desemba
Chupa ya nne. Nimeona mwenyewe.

4 Januari, Siku ya Mungu
97.

Elisée amepiga simu kutoka Kolwezi. Nilimsomea namba, akapiga kelele: "Mama! Quatre-vingt-dix-sept? Ati tisini na saba? Mama, wewe njo docteur!" Nilimwambia namba ni nzuri lakini baba yake amebadilika. Anasahau. Jana aliweka funguo ndani ya debe la unga. Anakasirika bila sababu, kisha baada ya kula anakuwa mpole kama mtoto wa ekaristi ya kwanza. Elisée akasema ni uzee. Sikumwambia ninalolifikiri. Mama hamwambii mwanawe jambo kama hilo.

9 Januari
88. Anatembea kama mlevi. Nimeanza kuelewa kilichomo ndani ya zile chupa.

10 Januari
82.

Nimeipata chupa moja, ndani ya sanduku lake la reli, chini ya taa ya zamani na kitabu cha ratiba. Tupu, imesuuzwa. Nimenusa: uchungu tu, kidogo. Ni lutuku, nini tena! Mtu aliyeapa mbele ya padri kuacha pombe tangu sukari ilipomshika, anakunywa lutuku ya mjane kwa siri, na mjane anasuuza chupa. Nimeirudisha mahali pake. Nataka aendelee kujidhani mjanja.

Kwa nini sikumwuliza? Kwa sababu angejibu. Nikishajibiwa nitafanya nini na miaka thelathini na sita ya ndoa?

20 Januari
77.

Leo jioni ameniita Martine.

Nilikuwa ninasonga bukari. Alikuwa amekaa karibu na mbabula, jiko letu la makala, uso umelowa, macho hayatulii. Akasema, polepole, ulimi mzito: "Martine, nipe maji."

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. "Umesema nani?"

Akaniangalia kama mtu anayetafuta jina kwenye orodha. "Maji," akasema.

Nilimpa maji. Kisha nikachukua sufuria ya bukari, na mboga ya lengalenga, na dagaa za ndakala zilizokaangwa, nikafunika vyote, nikaenda kula chumbani, mlango nimeufunga. Akibisha, nitamwambia aende akale kule anakokunywa. Hakubisha. Wanawake wa kwetu hawapigi, hawatukani sana. Wanazima mbabula. Mume anaelewa.

21 Januari, asubuhi
74.

Vidonge nimempa kama kawaida. Mimi si muuaji. Uji sikumpa.

24 Januari
Hospitali.

Sasa nina meza ndogo na kiti, na Adalbert amelala, na chupa ya maji ya sukari inaingia mkononi mwake tone kwa tone. Nitaandika kila kitu kama kilivyokuwa, hata pale kinaponichoma.

Siku ile, tarehe ishirini na moja, saa nne hivi, nilisikia sauti yake kutoka sebuleni. Alikuwa anataja vituo vya reli: "Tenke. Bukama. Kamina. Tiketi, tafazali. Tenke. Bukama." Nikaingia. Alikuwa amekaa chini, amegemea kiti, shati limelowa kama amenyeshewa, na ananyosha mkono apokee tiketi ya mtu asiyekuwepo. Nikasema moyoni: amelewa mchana kweupe. Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Sikumgusa hata kidogo. Nilitoka, nikazunguka uzio, nikasimama kwenye mlango wa Mama Martine na majirani wote wakisikia.

"Kuya uchukue bwana yako mulevi! Umemunywesha lutuku, sasa kuya umuogeshe!"

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuuliza lutuku gani. Hakuuliza bwana gani. Uso ulimbadilika, akasema neno moja: "Anatoka jasho?"

"Kama bomba."

"Alikula?"

Nikatazama uzio.

"Mama Elisée! Alikula?"

"Tangu jana mchana, apana."

Akautupa ungo, mchele ukamwagika. Sikujua kwamba mwanamke yule anaweza kukimbia. Nilimkuta amempakata Adalbert kichwa, anamwambia "Shemeji, meza, meza kidogo," na anamtia sukari iliyokorogwa na maji, kijiko kwa kijiko. Mkono wake kwenye kidevu cha mume wangu. Na niseme ukweli, Mungu anisamehe: hata wakati ule, yeye anakata roho, nilikuwa ninautazama mkono ule.

Tulimpeleka hospitali kwa taksi, mimi mbele, wao nyuma.

Pale mashini yao ilionyesha thelathini na nne. Daktari ni mwanamke mfupi, Dokta Mwape, miwani imeshikwa na uzi. Alimdunga, akamtundikia maji, akangoja Adalbert afumbue macho. Kisha akatugeukia, sisi wawili tuliokuwa tumekaa benchi moja kila mtu mwisho wake.

"Mama, trente-quatre! Thelathini na ine. Kidogo tu alikuwa anatuacha. Anakunywaka dawa gani?"

Nikataja vidonge.

"Na nini tena?"

Nikamtazama Mama Martine. Alikuwa anatazama sakafu.

"Leo asubuhi alikula nini?"

"Uji," nikasema.

Uongo ulitoka wenyewe, haraka, kama mwanafunzi aliyeshikwa. Mama Martine alijua. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe. Nilingoja anyooshe kidole. Mimi ningenyoosha, ningesimama kabisa. Yeye alivuta tu kitenge chake kwenye magoti. Kile kitenge kilikuwa kimejaa matope yetu.

"Dokta," nikasema, "nimesema bongo, nimedanganya. Hakula. Nilimunyima bukari jana, na uji leo. Vidonge nilimupa."

Dokta Mwape hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza kama nina karatasi yoyote ya sukari yake, nikatoa daftari hili kwenye mkoba. Akafungua, akaona mwandiko wangu umejaa mpaka pembeni, akalirudisha. "Miwani yangu haitoshe. Unisomee. Yote, mama, usiruke kitu."

"Yote?"

"Juu ya mugonjwa, hata kintu kidogo inanisaidiaka."

Basi nikasoma. Nilikuwa msomaji wa misa miaka kumi na minne na sijawahi kusoma somo gumu kama lile. Nilisoma namba, na nilisoma kitenge cha pasi. Nilisoma "simba mwenda pole." Nilisoma wake wawili. Nilisoma hata ukuta. Mama Martine alikuwa umbali wa hatua mbili. Dokta alikuwa anaandika: tarehe ya chupa, namba, tarehe ya chupa, namba. Kila chupa ilipokuja, sukari ilishuka. Mimi nilikuwa nimeyaandika yote mawili kwenye ukurasa mmoja na sikuyaona, kwa sababu nilikuwa ninatazama uzio.

Nilipofika kwenye "Hakusema aksanti", Mama Martine akainua kichwa. Mara ya kwanza aliongea.

"Mama Elisée," akasema polepole, "dawa banaisemeaka aksanti?"

Nikabaki na kidole kwenye mstari.

Najua. Nani asiyejua? Mama yangu alipotupikia mizizi ya homa tulikunywa na kunyamaza. Aliyeshukuru alichapwa, kwani dawa ikishukuriwa nguvu yake inakufa. Haikuwa chupa ya mwanamke aliyependwa. Haikuwa lutuku. Ilikuwa dawa, na Adalbert, aliyelelewa na nyanya yake wa Kabongo, aliipokea kama dawa inavyopokelewa.

Hapo ndipo liliponifikia lile la pili: vidonge navyo ni dawa. Kisahani changu. Glasi yangu. Miaka sita ya kutazama dirishani.

"Ni dawa gani?" Dokta akamwuliza Mama Martine, bila ukali.

Akaeleza. Majani ya ule mmea wa uzioni. Alichemshia Léonard wake miaka mingi, wakati ambapo vidonge havikupatikana, nayo yalimsaidia mpaka mguu ulipoanza kuoza. "Shemeji alikuya kulomba. Nilimuuliza: unaachaka vidonge? Akasema ameacha. Mama yangu alinifundisha, dawa ya miti na ya hospitali hazikae nyumba moja. Ningejua anameza, singemupa." Akanigeukia. "Na singeweza kukuambia. Mimi ni mujane. Bwana ya muntu akikufa na chupa yangu mukononi, batasema nini juu yangu? Batasema nilimuroga."

"Batasema vile," Dokta akakubali. Kisha akatuambia sisi wote watatu, maana Adalbert alikuwa ameamka na anasikiliza akiwa amefumba macho kijanja: "Kile kidonge kidogo kinashusha sukari. Ile majani nayo inashusha. Bantu babili banavuta kamba upande moja, na kwa tumbo hamuna kintu. Sisemi majani ni bongo. Nasema inafanya kazi. Njo maana inaniogopesha. Hakuna muntu mwenye kujua ni kiasi gani iko mu chupa moja. Kidonge kidogo ninakisimamisha kwanza, chupa pia, tutaanza kupima upya. Na siku moja ukitaka majani, ba papa, ukuye nayo hapa, uiweke kwa meza yangu. Usifiche tena. Bibi yako anaandikaka kila kitu, lakini anaandika vibaya."

Aliniambia hivyo mbele yao. Nilistahili.

26 Januari
Hospitali. 143.

Mama Martine ameleta uji wa ulezi ndani ya termos. Alikaa, aliongea na Adalbert juu ya Léonard, wakacheka kitu cha reli ambacho mimi sikukielewa. Sikufurahi. Niandike ukweli: wivu haufi kwa siku moja kwa sababu umepata aibu. Lakini alipoinuka nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikamwambia, "Aksanti kwa uji." Akasema, "Uji, ndiyo." Na tukaachana hapo.

30 Januari
151. Tumerudi nyumbani. Mchele wake uliomwagika, kuku wetu wameumaliza.

3 Februari
156.

Leo nimemwuliza. Nilikuwa nimeiandaa hasira tangu asubuhi, kama somo.

"Juu ya nini haukuniambia?"

Adalbert alikuwa anapangusa ile taa ya reli isiyowaka tangu zamani. "Ungesema na Mutale," akasema. "Ungenipigia makelele kama mwanafunzi wako."

Ningepiga. Sikukana.

"Na kwa nini uliitaka? Vidonge vilikuwepo."

"Vilikuwa vinashusha polepole." Akaangalia taa. "Mutale alinisemea mwaka jana, mimi na yeye tu. Akasema sukari ikikaa juu sana, inakulaka nguvu ya mwanaume. Nikafikiri, ikishuka mbio, mbio, nitaweza kugeuka upande yako. Nilikuwa naona haya, Mama Elisée. Muntu anaona haya, anaangaliaka ukuta."

Hasira niliyoiandaa sikuona pa kuiweka. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kumbe alinyoa ndevu kwa ajili yangu. Na mimi nilimnyima uji.

4 Februari
149. Nimewasha mbabula mapema. Bukari, bowa ya mwisho ya msimu, ndakala.

18 Februari, Jumatano ya Majivu
141. Nimeungama. Padri aliuliza, "Kwa wivu tu, mama?" Nikamwambia, "Padri, wivu ulishika sufuria."

27 Februari
138.

Tumekwenda kwa Dokta Mwape. Kidonge kidogo hakirudi kwa sasa. Kikubwa kinatosha na chakula kwa saa yake. Adalbert amemwuliza lile jambo la ukuta, kwa sauti ndogo, mimi nimekaa pale pale. Akajibiwa kama mtu anayeuliza juu ya goti. Kumbe kuna mambo ya kufanya, na haraka si mojawapo.

Mama Martine ameukata ule mmea uliokuwa umeingia upande wetu. Nilimwambia auache, uzio wangu uko wazi mno. Akacheka. Ana meno mazuri, hilo nalo siwezi kumsamehe.

2 Machi
136. Mvua zinapungua. Adalbert ameacha kuangalia ukuta. Yaliyobaki si ya daftari.

8 Machi, Siku ya Mungu
134.

Asubuhi hii, kabla ya misa, nimeweka kidonge kwenye kisahani, glasi ya maji pembeni, na bakuli la uji mbele yake. Tangu hospitali Adalbert amekuwa na wasiwasi. Alisikia daftari likisomwa, anajua sasa nimehesabu nini miaka yote hii, na anatafuta namna ya kulipa. Akameza kidonge. Akanirudishia glasi. Hakutazama dirisha. Alinitazama mimi, akakohoa kama anayetaka kusimama mbele ya watu.

"Mama Elisée," akaanza, "ak—"

Nikamziba mdomo kwa mkono, mkono wenyewe una unga.

"Nyamaza! Unataka kuiua?"

Akacheka ndani ya kiganja changu. Kisha akala uji wote mpaka akakwangua bakuli, na kwa uji akanishukuru mara tatu. Nimehesabu.